Koti la Buluu la Mfalme Karl

Muhula huu nimepewa nafasi ya kuwasimulia habari za Karl wa Kumi na Mbili, aliyekuwa mfalme wa Uswidi tangu mwaka 1697 hata mwaka 1718. Huenda mkashangaa kwa nini mwanafunzi wa Kidato cha Nne ajishughulishe na mfalme wa nchi ya theluji aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Sababu yake ni koti.

Chama chetu cha Historia kilikata shauri kuonyesha mchezo Siku ya Wazazi, na Mwalimu wetu akachagua kisa cha mfalme huyo kutoka katika kitabu kimoja kikuukuu cha maktaba. Kura ikaniangukia mimi kuwa mfalme. Tena nikapewa kazi ya kutengeneza mavazi ya wachezaji wote, kwa kuwa mama yangu ni fundi wa cherehani, nami nimezoea sindano tangu utoto. Nikafurahi mno. Siku ile ile nikamwandikia mama barua, nikamwomba anunue mita 6 za utepe wa dhahabu, maana nilidhani mfalme asiye na dhahabu si mfalme. Kabla sijaipeleka barua posta, Mwalimu aliniuliza kama nimekwisha soma mfalme huyo alivaa nini. Nikanyamaza. Akanipa kitabu, akaniambia nisikate kitambaa chochote mpaka nikimalize. Basi nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Karl alizaliwa mjini Stockholm mwezi Juni mwaka 1682. Baba yake, Karl wa Kumi na Moja, alikuwa mfalme mwangalifu wa mali, naye alitumia maisha yake kuunda jeshi. Siku hizo Uswidi ilikuwa dola kubwa iliyoizunguka sehemu kubwa ya Bahari ya Baltiki, lakini watu wake walikuwa wachache na fedha yake haba. Kwa hiyo mfalme huyo alifanya mapatano na majimbo yake. Mashamba kadhaa yaliunganishwa yakawa kundi moja, na kila kundi lilitakiwa kumtoa askari mmoja wa miguu. Wakulima walimpa askari huyo kibanda na kipande cha ardhi alime, nao walichangia mavazi yake. Wakati wa amani alilima kama jirani zake, na siku za mazoezi alivaa koti lake akaenda kujipanga. Mkulima aliyeweza zaidi alimtoa mpanda farasi pamoja na farasi wake, na kwa sababu hiyo alisamehewa kodi.

Askari 150 walikuwa kombania moja. Kombania 4 zilikuwa batalioni, na batalioni 2 zilikuwa kikosi kizima cha jimbo, yaani watu 1,200. Theluthi moja ya askari wa miguu walishika mikuki mirefu iliyozidi mita 5, na waliosalia walishika bunduki za gobori. Miongoni mwao walichaguliwa wachache, warefu na wenye nguvu, wawe warusha mabomu ya mkono. Mbali na hao kulikuwako askari wa farasi waliopigana kwa upanga, na wale walioitwa dragoni, ambao walisafiri juu ya farasi lakini walikuwa na bunduki, wakaweza kushuka na kupigana kwa miguu. Juu ya wote walikuwako Drabanti, walinzi wa mfalme mwenyewe. Hawakuzidi watu 200, na kila mmoja wao, ingawa alisimama mstarini kama askari wa kawaida, alikuwa na cheo cha ofisa. Kiongozi wao alikuwa mfalme.

Kuhusu mavazi, askari wa miguu wengi walivaa koti refu la sufi la rangi ya buluu, lenye bitana ya manjano. Mikono ya koti ilikunjwa nje, ile bitana ikaonekana, na hapo ndipo mtu alipoweza kutambua kikosi. Vikosi vya Jönköping na vya Närke na Värmland, kwa mfano, vilikuwa na rangi nyekundu mahali pa manjano. Kichwani walivaa kofia pana iliyokunjwa pembe tatu, au kofia ya kitambaa yenye mikunjo iliyoweza kuteremshwa ifunike masikio wakati wa baridi. Katika moshi wa baruti macho hayaoni uso wa mtu, huona rangi tu. Kwa hiyo sare haikuwa pambo. Ilimwambia askari yupi mwenziwe na yupi adui.

Mwezi Aprili mwaka 1697 mfalme baba alifariki. Mwezi uliofuata, maiti ikiwa bado haijazikwa, jumba la kifalme la Stockholm likashika moto likateketea. Watu wengi waliona kuwa hiyo ni ishara mbaya. Mwaka huo huo Karl, kijana wa miaka 15, alitangazwa kuwa mtu mzima, akatawazwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyejivika taji kichwani.

Wafalme wa nchi jirani walipoona kiti kimekaliwa na kijana, walifanya shauri la kumnyang'anya nchi. Mwaka 1700 walimwendea watatu: mfalme wa Denmark, Augusto aliyetawala Saxony na Poland, na Petro Mkuu wa Urusi. Karl alivuka bahari kwanza kuiendea Denmark, na mwezi Agosti mfalme wa huko akafanya amani. Kisha alielekea mashariki, ambako Warusi walikuwa wameuzingira mji wa Narva. Mwezi Novemba, akiwa na askari kama 10,000, aliwashambulia watu waliomzidi mara tatu au zaidi. Dhoruba ya theluji ilivuma ikawapiga Warusi usoni, na Waswidi wakaingia ndani ya boma lao pamoja na dhoruba hiyo. Hata jioni jeshi la Urusi lilikuwa limevunjika. Karl alikuwa na miaka 18.

Namna yao ya kupigana ilikuwa hii. Walikwenda mbele kwa hatua za kawaida, kimya, chini ya risasi, bila kujibu. Walipokaribia mno adui ndipo walipofyatua bunduki, kisha wakaingia kwa mikuki na panga. Askari wa farasi nao walikwenda goti la huyu nyuma ya goti la yule, wakawa kama kabari inayopasua kuni. Kazi kama hiyo haiwezekani ila kwa watu wanaomwamini kiongozi wao, na Waswidi walimwamini Karl kwa sababu alikuwa pamoja nao.

Hapa ndipo nilipoiweka kando barua yangu ya utepe wa dhahabu. Tangu vita vilipoanza kijana huyu alivua nywele za bandia zilizovaliwa na mabwana wakubwa wote wa Ulaya, akabaki na nywele zake mwenyewe, fupi. Aliacha mvinyo. Alilala penye majani makavu au juu ya ardhi tupu, na chakula chake kilikuwa cha kambini. Koti lake lilikuwa la sufi ya buluu, lenye vifungo vya shaba, pasipo tarizi wala nishani. Mgeni aliyefika kambini kumtafuta mfalme aliweza kumpita.

Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu. Tena nawaungamia, wasomaji wangu, kwamba nilimpenda kwa kuwa nilijiona ndani yake. Mimi ni kiranja wa bweni. Shule yetu iko nyanda za juu, ambako baridi ya mwezi Julai huuma mifupa. Mwaka huu niliapa kwamba bweni letu litashinda mashindano ya usafi na ya bustani. Niliamka wa kwanza, nikaoga maji ya baridi, nikashika jembe kabla ya mtu yeyote, ndipo nikawaamsha wadogo. Nilidhani kwamba mtu anayefanya mwenyewe anaweza kudai lolote kwa wengine. Basi nikaendelea kusoma kwa furaha, mpaka nilipofika mahali ambapo furaha iliniishia.

Baada ya Narva, Karl aliingia Poland kumwondoa Augusto. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Aliteka Warsaw na Krakow mwaka 1702, na mwaka 1704 Stanisław Leszczyński alichaguliwa kuwa mfalme mpya. Mwaka 1706 Karl aliingia Saxony yenyewe, na huko Altranstädt Augusto akakubali kuiacha taji ya Poland. Jeshi la Waswidi lilipumzika Saxony, likala, likaongeza watu, likavishwa makoti mapya. Muda wote huo Petro wa Urusi alikuwa anajenga jeshi jipya, tena mwaka 1703 alianza kuujenga mji wa Petersburg kwenye nchi aliyowapokonya Waswidi. Petro aliwahi kutaka amani, naye alikuwa tayari kurudisha sehemu kubwa ya aliyoteka. Karl alikataa.

Mwaka 1708 aliingia Urusi. Warusi walirudi nyuma huku wakichoma vijiji na maghala, hata Waswidi wasipate chakula. Mwezi Septemba msafara mkubwa wa magari uliokuwa ukimletea Karl chakula na baruti ulishambuliwa huko Lesnaya, na magari hayo yakapotea yote. Kisha ukaja ule msimu wa baridi wa 1708 na 1709, ambao Ulaya nzima iliukumbuka kwa ukali wake. Ndege walianguka wakiwa wamekufa. Askari waliganda juu ya matandiko ya farasi, na waganga walikata vidole na miguu iliyokufa kwa baridi. Makoti mapya ya Saxony yalikuwa yamekwisha kuwa matambara.

Mwezi Juni mwaka 1709 mfalme alipigwa risasi mguuni mbele ya mji wa Poltava. Siku chache baadaye pigano kubwa lilipotokea, yeye alibebwa juu ya machela. Vile vikosi vya buluu vilikwenda mbele kwa desturi yao ile ile, kimya, dhidi ya watu waliowazidi zaidi ya maradufu na mizinga mingi. Safari hii havikurudi. Waliosalia walisalimu amri huko Perevolochna, na maelfu wakapelekwa utumwani. Wengine walikaa Siberia hata amani ya mwaka 1721, na wengi hawakuona kwao tena.

Karl aliponea chupuchupu, akavuka mto, akakimbilia nchi ya Sultani wa Uturuki. Alikaa huko miaka 5, akiongoza ufalme wake kwa barua. Wenyeji wake walipomchoka, mwezi Februari mwaka 1713 walimshambulia nyumbani kwake Bender, naye akajitetea kwa upanga pamoja na watu wachache mpaka akakamatwa. Mwaka 1714 aliondoka. Alivuka Ulaya juu ya farasi kwa muda wa siku 14 hivi, akafika Stralsund usiku wa manane mwezi Novemba. Mji huo nao ulianguka mwaka uliofuata, akarudi Uswidi mwezi Desemba mwaka 1715, baada ya miaka 15 ya kutokuwapo.

Alikuta nchi imekonda. Kumbukeni ile kanuni ya mashamba. Askari akifa, kundi la wakulima lilipaswa kumtoa mwingine. Naye mjane wa marehemu alitakiwa kukiacha kibanda, ili askari mpya aingie. Koti jipya, mtu mpya, kibanda kile kile. Baada ya miaka mingi, waliobaki mashambani walikuwa wanawake, wazee na watoto. Hata hivyo Karl alikusanya jeshi jingine, na mwaka 1718 akaingia Norway, iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark.

Usiku wa tarehe 30 Novemba mwaka 1718, kwa kalenda ya Waswidi wa wakati huo, alikuwa katika mahandaki mbele ya ngome ya Fredriksten. Alijiinua juu ya ukingo wa udongo kutazama kazi ya askari wake. Kitu kikamwingia kichwani upande mmoja kikatokea upande wa pili, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 36, hakuoa wala hakuacha mtoto. Yasimuliwa kwamba maofisa walimvika nywele za bandia na kofia ya mtu mwingine, ili wachukuzi wa maiti wasimtambue. Yaani kitu alichokivua ujanani kilirudishwa kichwani mwake alipokuwa hana uwezo wa kukikataa.

Nguo alizovaa usiku ule zipo mpaka leo. Zimehifadhiwa katika Livrustkammaren, jumba la makumbusho lililo ndani ya jumba la kifalme la Stockholm: koti la buluu lisilo pambo, viatu virefu, glavu zenye damu, na kofia yenye tundu la ile risasi. Kwa nguo hizo, kwa hati za manunuzi ya vitambaa na kwa orodha za ukaguzi wa vikosi, mafundi wa siku hizi wanaweza kushona upya koti la askari wa wakati ule na kujua mahali pa kila kifungo.

Hata juu ya vifungo pana kisa. Kwa muda mrefu watu walidai kwamba mfalme aliuawa na mtu wake mwenyewe, kwa kifungo kilichotolewa katika koti lake kikajazwa risasi. Kifungo cha namna hiyo kiliokotwa mwaka 1924, nacho kimewekwa katika makumbusho ya Varberg. Kaburi limefunguliwa mara kadhaa, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1917. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Waliona kwamba tundu la fuvu lafaa zaidi kwa tufe la chuma lenye upana uliozidi milimita 20, la aina iliyofyatuliwa kwa mizinga, yaani lilitoka upande wa adui. Kifungo, basi, hakikuwa na hatia.

Lakini mimi sikulala usiku ule kwa habari nyingine. Wakati Karl alipouawa, jeshi lake la pili, chini ya Jemadari Armfeldt, lilikuwa kaskazini karibu na Trondheim. Habari zilipofika, liliamriwa kurudi Uswidi kupitia milimani. Katika siku za kwanza za Januari mwaka 1719 dhoruba iliwakuta kati ya Tydal na mpaka. Walikuwa wamevaa nguo zilizochakaa. Walichoma vitako vya bunduki zao na magari ya theluji wapate moto. Watu wapatao 3,000 waliganda wakafa juu ya milima ile, wengi wao wakiwa wakulima kutoka Finland.

Mfalme aliyewapeleka alikuwa amevaa koti kama lao, amelala chini kama wao, na amekula kama wao. Hakuna awezaye kumshitaki kwamba alistarehe. Lakini njia ya amani ilikuwa mkononi mwake zaidi ya mara moja, na ya askari haikuwa mkononi mwao hata mara moja. Hiyo ndiyo tofauti ambayo koti haliwezi kuiondoa.

Nilipofunga kitabu nilimkumbuka kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza katika bweni langu. Mwezi Julai nilimwamsha pamoja na wenzake kabla ya jua, tukamwagilia bustani katika umande. Mimi nilikuwa na sweta chini ya shati, yeye hakuwa nayo. Sikuuliza. Siku ya nne alianguka, akapelekwa hospitali, akaonekana ana homa ya mapafu. Alilazwa majuma mawili. Bweni letu lilishinda, na nilipokea kikombe mbele ya shule nzima. Wakati wote huo nilijitetea kwamba hata mimi niliamka, hata mimi nililowa. Sasa nikaona kwamba huo ulikuwa utetezi wa Karl.

Asubuhi nilimwandikia mama barua nyingine. Sikuomba utepe. Nilimwomba koti la buluu la mtumba, kitambaa cha manjano cha mikono, na sweta moja ya mtoto wa miaka 14. Mama hakuuliza maswali, akavituma vyote. Kofia ya mfalme niliitengeneza kwa pama la babu, nikalikunja pembe tatu. Mikuki ilikuwa mianzi. Wale wenye mikono myekundu walikuwa Jönköping, na wenye manjano walikuwa vikosi vingine.

Mchezo ulipoanza, wazazi wengi waliuliza mfalme ni yupi, maana sote tulifanana. Nilifurahi kusikia hivyo. Katika onyesho la mwisho nililala sakafuni nikiwa nimekufa, na askari wa Armfeldt wakapita nyuma yangu mmoja mmoja, kila mmoja akianguka mahali pake. Wa mwisho kusimama alikuwa yule kijana wa Kidato cha Kwanza. Chini ya koti lake la buluu alikuwa amevaa sweta. Haikuwa sahihi kwa historia, nami kama fundi wa mavazi niliijua kasoro hiyo. Niliiacha.